Mchungaji haulizwi, nasi wazee tumenyamaza: nifanye nini?

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa mwenye umri wa miaka 57, na ni katibu wa baraza la wazee katika kanisa moja la kiroho lisilo chini ya dayosisi wala sinodi yoyote, katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Kanisa letu lilianza miaka 14 iliyopita katika darasa la shule ya msingi, tukiwa watu 11, na aliyelianzisha ndiye mchungaji wetu hadi leo. Nampenda, na sitaki barua hii isomwe kama ya adui. Ndiye aliyemzika mama yangu, na ndiye aliyefungisha ndoa ya binti yangu siku ambayo mvua ilinyesha mpaka wageni wakasimama juu ya mabenchi.

Zamani baraza lilikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Tulisoma muhtasari wa kikao kilichopita, tukabishana, tukaomba, tukaamua. Siku hizi kikao huitishwa kwa simu, usiku, na tukifika tunaelezwa lililokwisha kuamuliwa, kisha tunaombwa tuliunge mkono. Mwaka jana mchungaji msaidizi aliondolewa, nasi wazee tulizipata habari hizo tukiwa tumeketi kwenye viti vyetu vya mbele, sawasawa na washirika waliokuwa nyuma yetu. Mke wangu alinigeukia, akaniuliza kwa macho kama nilikuwa najua, nami nikajifanya natafuta ukurasa katika kitabu cha nyimbo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni sadaka ya ujenzi. Jumapili moja ya mwezi wa tatu zilitangazwa shilingi 4,350,000 za kununulia mabati. Ulipofika mwezi wa sita mabati yalikuwa bado hayajanunuliwa, nikaomba kikaoni, kwa upole kabisa, tuonyeshwe stakabadhi ya benki. Mchungaji alifunga Biblia yake, akavua miwani, akasema taratibu: "Msiwaguse masihi wangu, wala msiwadhuru nabii zangu." Wazee wenzangu sita waliinamisha vichwa, na hakuna aliyegusa chai. Kisha mchungaji, ambaye pia ndiye mwenyekiti wetu, akafunga kikao kwa sala, na katika sala ile niliombewa kwa jina nipewe roho ya utii.

Sisemi kwamba ameiba. Ninachojua ni kwamba sijui, na mhazini naye hajui, kwa sababu sadaka nyingi siku hizi hutumwa kwa simu, na namba inayotangazwa madhabahuni ni ya mchungaji mwenyewe. Hati ya kiwanja cha kanisa nayo ina jina lake. Wazee wawili walio vijana kuliko sisi wengine wamenijia nyumbani. Mmoja anataka tupeleke malalamiko kwa Msajili wa Jumuiya, ofisi ya serikali inayosajili makanisa. Mwingine amekwisha kuhesabu familia 40 zilizo tayari kutoka ili tuanzishe kanisa jingine, na wananitaka mimi niwe mlezi wao.

Sina budi kuongeza jambo moja, ingawa nilikusudia kuliacha. Miaka miwili iliyopita mwanangu alikosa ada ya chuo. Nilimweleza mchungaji, naye akanipa laki sita kutoka katika mfuko wa kanisa. Hakuna kikao kilichojadili wala karatasi iliyoandikwa. Sijazirudisha, naye hajawahi kunidai.

Je, ninyamaze kwa ajili ya amani, nitoke na vijana, au nisimame?

Ni mimi,
Mzee aliye njia panda

*

Amina, mzee mwenzangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limegota kwenye zile laki sita. Wewe umeziweka mwishoni kama nyongeza, lakini kwangu mimi ndizo barua yenyewe. Baba aliyekosa ada ya mwanawe na mchungaji aliyemwonea huruma hawana sura ya wezi, na sitaki ujione hivyo. Ila fedha hizo zinaeleza kitu ambacho wewe hukuweza kukieleza, yaani kwa nini watu wazima sita, wenye nyumba zao na kazi zao, waliinamisha vichwa siku ile. Jiulize ni wangapi kati yao wamewahi kupewa kitu kwa namna iyo hiyo: labda huyu alisaidiwa gharama za hospitali, yule mwanawe akapewa kazi ya kupiga kinanda, mwingine mkewe akawekwa kuongoza idara ya akina mama pasipo uchaguzi. Simtuhumu yeyote kati yao. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukaa katika baraza la namna hiyo kwa miaka sita, na tulipokuja kutazama nyuma tuliona kwamba kilichotuziba midomo kilikuwa ni hisani. Kila mmoja wetu alikuwa na deni lake dogo kwa mtu mmoja, halijaandikwa popote, na kwa kuwa halikuandikwa halikuwa na siku ya kwisha.

Kwa hiyo, kabla hujamwuliza mchungaji swali jingine, nenda kwa mhazini. Mwambie kiasi, mwezi ulipozipokea na sababu, kisha uombe jambo hilo liingizwe katika ajenda za kikao kijacho, uwaeleze wazee wenzako kwa kinywa chako na uwape mpango wa kulipa. Wakiamua ukae kando na ukatibu kwa muda, kubali. Najua unavyowaza: utakuwa umempa mchungaji fimbo ya kukuchapia. Inawezekana. Lakini fimbo hiyo anayo tayari, ameiweka tu nyuma ya mlango, nawe unaijua iliko. Ndiyo maana swali lako la stakabadhi uliliuliza "kwa upole kabisa" na ulipojibiwa kwa andiko ukanyamaza.

Sasa tulitazame andiko lenyewe, maana naona limekuchoma. Zaburi ya 105 inasimulia habari za Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni katika nchi, wakitangatanga kutoka taifa hata taifa. Wanaoonywa kwa maneno yale ni wafalme, ambao Mungu aliwakemea kwa ajili ya wasafiri wasio na jeshi wala ngome. Andiko lililomkinga mgeni asionewe na mfalme limegeuzwa, katika makanisa yetu mengi, kuwa ngao ya mwenye kiti cha mbele dhidi ya mwenye swali. Wengine huongeza habari za Daudi aliyekataa kumwua Sauli pangoni. Wakiisoma sura ile ya 24 ya Samweli wa Kwanza hadi mwisho watamwona Daudi akitoka pangoni, akimwonyesha mfalme pindo la vazi alilolikata, na kumweleza kosa lake kwa sauti ya kusikika. Aliuzuia mkono wake, mdomo hakuuzuia. Tena Daudi huyo alipokuja kuwa mfalme na akaanguka, Nathani alimwendea nyumbani kwake na kumwambia kwamba mtu yule ni yeye.

Katika Agano Jipya sioni mahali ambapo kanisa la mji limewekwa mikononi mwa mtu mmoja asiyeulizwa. Paulo na Barnaba waliweka wazee katika kila kanisa (Matendo 14:23), na Tito aliachwa Krete aweke wazee katika kila mji. Paulo alipotaka kuaga Efeso alituma watu kutoka Mileto wakawaite wazee wa kanisa, wote, akawaambia wajilinde nafsi zao na lile kundi lote. Mpangilio wa maneno hayo una uzito wake, kwa kuwa nafsi za wazee zimetajwa kabla ya kundi. Mtu pekee tunayemsikia akipenda kuwa wa kwanza kati ya wenzake ni Diotrefe, katika Waraka wa Tatu wa Yohana, naye hakusifiwa. Petro, ambaye kama ukubwa ungedaiwa yeye angekuwa na hoja, aliwaandikia wazee akijiita mzee mwenzao. Na ni Petro huyohuyo ambaye Paulo alishindana naye uso kwa uso kule Antiokia, mbele ya wote, kwa sababu alijitenga mezani na watu wa Mataifa. Kuhusu fedha, nawe usome sura ya 8 ya Wakorintho wa Pili polepole kabla ya kikao chenu. Paulo alikuwa akipeleka mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, akakubali kusafiri na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na sababu aliitaja waziwazi: asije mtu akawalaumu, kwa maana alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Sidhani kuna mzee kati yenu ambaye angethubutu kumshuku Paulo. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka shahidi.

Wala jambo hili si geni kwetu. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao mbegu yake ilipandwa Kampala mwaka 1929 walipokutana Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, ulienea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika ukiwa na desturi iliyoitwa kutembea nuruni. Walioongoza waliitwa timu, na katika timu hiyo ya mwanzo alikuwamo Yosiya Kinuka, aliyekuwa msaidizi chini ya Church palepale hospitalini. Katika mikutano yao ya ushirika, mchungaji au daktari alisimama akaungama kama mkulima alivyoungama, tena kwa kulitaja jambo lenyewe: nilikasirika, nilidanganya, nilichukua. Sisemi kwamba desturi ile haikuwahi kuharibika. Walikuwako walioungama ili waonekane, na walikuwako walioutumia ushirika kuwabana wengine. Lakini bibi zetu waliokaa katika vikundi hivyo wangeshangaa kusikia kwamba kumwuliza ndugu aliyeokoka habari za sadaka ni ukosefu wa utii.

Tatizo la kanisa lenu lina upande mwingine, nao ni wa muundo. Mchungaji wa Kilutheri ana baraza la wazee la usharika, na juu yake ana jimbo na dayosisi inayoweza kumhamisha. Mwanglikana ana sinodi. Mpresbiteri anakutana na wenzake katika presbiterio. Taratibu hizo zina uzito wake na wakati mwingine zinachosha, na skandali zimetokea hata huko, lakini swali likikwama ngazi moja lina mahali pa kwenda. Katika kanisa la mwanzilishi swali linaishia mezani kwake, na linaishia hapo hata kama yeye ni mtu mwema. Mlianza watu 11 darasani, ambapo katiba ilikuwa ni uso wa kila mmoja na mfuko ulikuwa ni kofia. Mmekuwa mamia, lakini mfuko bado ni kofia, ila sasa iko ndani ya simu.

Ndiyo maana nakushauri usiende kwa mchungaji na swali la "zile 4,350,000 ziko wapi". Litajibiwa siku yake. Mtafute kwanza mzee mmoja mnayeaminiana, asiwe miongoni mwa wale wawili walio moto, na baada ya kuwa umekwisha kulisema deni lako, mwendeni mchungaji nyumbani kwake, mchana, mkiwa mmepiga simu kabla. Mwambie kile ulichoniandikia mimi: kwamba ulijifanya unatafuta ukurasa wa nyimbo, kwamba uliumia kuombewa roho ya utii mbele ya wenzako, kwamba unampenda. Kisha ombeni mambo yanayotazama mbele. Sadaka ihesabiwe na watu wawili au watatu wasio wa nyumba moja, na waandike jumla na kutia saini kabla mlango wa chumba haujafunguliwa. Namba ya simu ya sadaka iandikishwe kwa jina la kanisa, na akaunti ya benki iwe na watia saini zaidi ya mmoja, mke wa mchungaji asiwe mmoja wao. Hati ya kiwanja ihamishiwe kwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), maana kwa hali ilivyo sasa, Mungu akimchukua mchungaji kesho, warithi wake wanaweza kusimama mahakamani na kudai nyumba mnayoabudia, na huenda wasiwe watu wabaya hata kidogo. Hoja hii ya mwisho, kwa uzoefu wangu, ndiyo ambayo wachungaji huisikia kwa urahisi zaidi, kwa sababu haimgusi yeye heshima yake. Inawagusa watoto wake.

Na hapa nina swali kwako ambalo barua yako haikuligusa. Mchungaji wenu anakula nini? Baraza limempangia posho ya mwezi, au anaishi kwa kile kinachoingia katika namba ile ya simu? Nimekutana na mabaraza mengi yanayolalamika kwamba mchungaji anachanganya fedha zake na za kanisa, na ukiuliza unakuta hayajawahi kukaa kikao hata kimoja kuamua fedha zake ni zipi. Mtu ambaye ada ya watoto wake, nauli ya kwenda misibani na mafuta ya pikipiki vyote vinatoka katika mfuko usio na mpaka, hata akiwa mwaminifu, hawezi kukuonyesha stakabadhi, kwa sababu yeye mwenyewe hajui mstari unapita wapi. Inawezekana kwamba alipovua miwani siku ile alikuwa anaficha aibu. Simtetei, nasema tu kwamba uwajibikaji mnaoudai ni wa pande mbili, na baraza nalo lina hesabu ya kutoa kwake: limemlipa nini, limempa likizo lini, ni nani kati yenu aliyemwuliza hali ya ndoa yake au ya afya yake kwa mwaka huu wote. Mtu aliyeachwa kubeba peke yake huzoea kuamua peke yake. Mtakapokuwa mnaandika upya katiba yenu, basi, wekeni pia ukomo wa miaka ya uzee wa kanisa, na siku moja kwa mwaka ambapo kila kiongozi, mchungaji akiwa mmoja wao, anawasikiliza wenzake wakimweleza alivyotumika. Mwenyekiti wa kikao cha siku hiyo asiwe mchungaji.

Nije kwa vijana. Yule wa familia 40 mwambie hapana, na usimwambie kwa kusitasita. Kanisa litakalozaliwa kwa hasira litakuwa na mwanzilishi wake, nawe ndiwe watakayekuvika joho hilo, na baada ya miaka 14 kuna katibu atakayeniandikia habari zako. Yule wa Msajili nampa nusu ya haki. Msajili wa Jumuiya yupo kisheria, na kumfikia si dhambi. Lakini ukianza kwake, kila mlango mwingine utajifunga nyuma yako. Wakumbushe wote wawili maneno ya Paulo kwa Timotheo, kwamba mashitaka juu ya mzee yasikubaliwe pasipo mashahidi wawili au watatu. Sheria ile inamlinda mchungaji dhidi ya minong'ono, kama vile mstari unaofuata unavyolilinda kanisa dhidi ya kuficha, maana wadumuo kutenda dhambi wanatakiwa kukemewa mbele ya wote. Vijana wenu wanaupenda mstari wa pili na mchungaji wenu anaupenda wa kwanza.

Akikataa kuwapokea, au akiwapokea na mambo yakabaki yaleyale kwa miezi miwili au mitatu, pelekeni jambo kwa baraza zima, kwa maandishi, na ombeni wachungaji wawili au watatu wa makanisa mengine, wanaokubalika na pande zote mbili, waje wakae nanyi. Kanisa lisilo na askofu linaweza kuazima masikio ya wenye kuheshimika, na si aibu. Hapo tu, kama hata hao wamefukuzwa, ndipo habari za washirika wote na za Msajili zinapoingia. Natoa tahadhari moja isiyosubiri mpangilio wowote kati ya hii: kama katika kuchunguza mtakuta mtoto au mwanamke amedhuriwa, au fedha zimeibwa waziwazi, hilo ni la polisi siku hiyohiyo, na atakayewaambia kwamba mambo ya kanisa yaishie kanisani msimsikilize.

Umeniuliza kama unyamaze, utoke, au usimame. Simama, lakini kwa mpangilio niliokupa, ukianza na mhazini. Ukiwa na laki moja sasa hivi, nenda nayo, usingoje zitimie sita. Mwombe aandike kwa kalamu ya wino, tarehe na jina lako kamili, na akupe risiti. Kama hana kitabu cha risiti, basi kikao chenu kijacho kimekwisha kupata ajenda yake ya pili.